Kopo la Mchangani na Uji Mchungu

Naomba jina langu lifichwe. Majina nitakayotaja nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka sitini na saba, mwalimu wa zamani wa shule ya msingi mashariki mwa Kongo. Vita vilinitoa huko, na kwa miaka ishirini na mitatu nimeishi kambini Kakuma. Sasa naandika nikiwa Lodwar, nyumbani kwa mwanangu wa pekee, na kibali changu cha kusafiri kinakwisha wiki ijayo. Sina muda wa kuwabembeleza. Mnaotaka kuniita mchawi, anzeni mapema.

Mwanangu ni mkalimani. Alioa Mturkana, binti wa kijiji cha Kainuk, nitamwita Akiru. Sikumtaka, na yeye alilijua hilo. Kwa miaka minne tulisalimiana "ejok" tukaishia hapo.

Mtoto wao, Ekai, ana miaka miwili, na dawa ya maji haipiti kooni mwake. Kuna siku alibanwa pua akamiminiwa kwa nguvu. Tangu hapo akiona kijiko anabana meno, na ukimlazimisha yote inarudi kifuani mwako. Homa ilipomshika mwezi uliopita, zahanati ilitupa dawa ya kuwekwa njia ya haja kubwa. Kwetu Kongo ni jambo la kawaida, tunaiita supo. Lakini kwa joto la Lodwar supo inayeyuka kama mafuta ya kupaka. Nikazitia kwenye kopo lenye kifuniko, nikalizika kwenye mchanga uliolowa chini ya mtungi wa maji.

Akiru alipoliona alipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

"Mama! Hiyo dawa ya matako unaweka chini ya maji tunakunywa?"

"Limefungwa. Na mtoto anapata nafuu."

"Mtoto yangu ni mwanaume, hawekwi kitu huko. Sisi tulilelewa bila hiyo mambo na tuko hai."

"Waliokufa hawawezi kukujibu," nikamwambia.

Nilijua alimzika mdogo wake mchanga, aliyekufa kwa homa. Nililisema makusudi.

Alimbeba Ekai akaingia ndani. Ila kesho yake mchana nilichukua bakuli la uji ambalo Ekai alikuwa amelimaliza karibu lote, nikalamba ukingo. Mchungu. Chini kulikuwa na chembe nyeupe za tembe iliyosagwa. Nikaelewa: wanawake wenzake walimfundisha kumfichia mtoto dawa ndani ya uji, naye akanificha mimi. Karatasi iliyomo ndani ya boksi la supo nilikuwa nimeisoma mara tatu, na boksi la zile tembe lilikuwa kabatini, jina la dawa ni lile lile. Ipite mdomoni au ipite nyuma, ni dawa moja, na mtoto anapewa kwa kipimo. Nilipaswa kumwita Akiru, tusubiri saa zipite kabla ya kumpa dawa tena.

Sikumwita. Nilifukua kopo, nikamwekea Ekai supo. Nilitaka homa ishuke kwa mkono wangu, isishuke kwa mkono wake. Jioni nikarudia. Kesho yake pia, na kila mara nilikuwa nimeulamba uji kwanza.

Siku ya tatu mtoto alilegea, akatapika hata maji. Hospitalini daktari aliuliza, "Amepewa nini, na mara ngapi?" Akiru alisema yote huku analia: tembe, uji, kila mlo. Daktari akanigeukia. Nikasema, "Mimi nilimpa supo kama nilivyoandikiwa. Hayo mengine sikuyajua."

Daktari alimgombeza Akiru mbele ya watu, kwamba dawa ya namna hiyo ikizidi inaharibu ini. Mimi nilikaa kimya, kitambaa changu kichwani, bibi mwenye kusoma. Ekai alilazwa, akatiwa dripu, namshukuru Mungu akapona. Siku tuliyotoka, mwanangu alimwambia mkewe, "Nusura uniulie mtoto. Nenda Kainuk, nitakuita nikikuhitaji." Hajamwita. Wiki tatu sasa. Anataka nirudi Kakuma na Ekai, nimlee mimi. Nimepata nilichokitaka, na mtoto kila asubuhi anasimama mlangoni akiita mama.

Msidhani nimeanza kumpenda Akiru. Bado namwona mkaidi na mwenye kelele. Lakini juzi Ekai alipata joto tena, mwanangu akamwambia kwa simu. Baadaye Akiru akanipigia mimi, mara ya kwanza tangu aolewe.

"Mama, ile dawa yako ya kopo, bado iko?"

"Ipo."

"Mwekee. Mimi sitasema kitu tena. Hata kopo likae kwa maji, wewe mwekee tu. Na unisamehe, Mama. Nilikuficha."

Simu ilikatika, au aliikata.

Nikimwambia mwanangu ukweli, kibali kikiisha narudi kambini peke yangu, na sidhani ataniruhusu kumgusa Ekai tena. Nikinyamaza, ninamlea mtoto wa mwanamke aliyeniomba msamaha kwa kosa ambalo nusu yake ni yangu, na nusu iliyo mbaya zaidi, kwa sababu yeye hakujua kuwa ni dawa moja. Mimi nilikuwa nimesoma.

Nitukaneni, na mkimaliza mnijibu: nimwambie mwanangu kwanza, au nimpigie Akiru?