Shikamoo Kutoka Sandukuni

Juzi, katika duka moja hapa Same, chini ya picha ya Malkia wa Uingereza, kijana kutoka Vudee aliweka juu ya kaunta mashine ya kurekodi aliyoazima kwa mwalimu. Anajifunza gita, akataka tumsikie. Alitueleza kwa majivuno kwamba anarekodi ndani ya stoo ya mahindi. Ametundika mablanketi ukutani ili mbuzi wasisikike, na kipaza sauti amekifunga kwenye mpini wa jembe.

Akabonyeza kitufe. Gita likalia vizuri, likakatika ghafla, na sauti yake ikasema, "Shikamoo, baba!"

"Baba alikuwa anapita dirishani," akaeleza. "Ningenyamaza?"

Tukakubali kwamba haiwezekani.

Akarudisha utepe nyuma, akainama sikio likigusa sanduku la mashine, atafute alipokosea. Hapo akaingia mzee mmoja na fimbo yake, akasimama kando yake.

"Shikamoo, baba!" likasema sanduku.

"Marahaba, mwanangu," mzee akaitika kwa furaha. "Mama hajambo?"

Sanduku likajibu kwa gita.

Kijana hakuinua hata kichwa. Mzee akamtazama yeye, akalitazama sanduku, kisha akamgusa begani kwa fimbo.

"Huyu wa humu ndani amelelewa," akasema. "Wewe je, nani kakulea?"

Mwenye duka alicheka mpaka akashikilia mizani. Mimi tangu siku hiyo naitamani mashine ile. Gita sijui kupiga, lakini nitaituma ukweni ikaamkie wakwe, nami nibaki nyumbani nimelala.