Robo ya Burse

Nilikuwa golikipa wa timu ya handiboli ya wasichana ya chuo chetu. Sisemi nilikuwa mzuri. Nasema tu kwamba timu nyingine za Kisangani zilikuwa zinauliza kwanza kama ninaumwa, ndipo zinakubali kucheza nasi. Basi chuo kilipotangaza burse nne kwa kila timu, yaani wachezaji wanne wasome bure mwaka mzima, sikuuliza moja ni ya nani. Nilimwambia mama, anayeuza samaki sokoni, asihangaike tena na karo yangu.

Kazi ya kugawa alipewa kocha, mzee mwenye kitambi tuliyemwita papa, aliyezaliwa Yanonge katika watu wa mto. Kwao, nyavu zikitoka majini, kila aliyeingia kwenye mtumbwi anapata fungu: aliyevuta, aliyepiga kasia, hata aliyekuwa akikumba maji kwa kopo huku anasinzia. Akazikata burse zetu vilevile. Tulikuwa kumi na sita, kila mmoja akapata robo, pamoja na golikipa wa akiba ambaye msimu mzima kazi yake ilikuwa kunishikia sweta.

"Papa, mimi ndiye ninayepigwa mipira ya uso," nilimwambia.

"Bon, na yeye anachunga sweta. Ukishikwa na baridi, utadaka nini?"

Baridi ya wapi, Kisangani hii? Nilinuna wiki nzima. Wenzangu walimwimbia na kumbeba juu juu, kitambi na vyote. Hakuna aliyewaza zile robo tatu za karo alizobaki nazo kulipa, maana kila mmoja alikuwa ameshawaambia watu wa kwao kwamba mambo yamekwisha.

Siku ya mtihani wa mwisho wa mwaka, mzee wa mlangoni alitazama karatasi zetu za karo moja moja.

"Burse yenu iko vipande," alisema. "Alors, kipande haikalake ku banc."

Yaani mwenye kipande haketi kwenye benchi la mtihani. Timu nzima ikabaki nje. Dirishani tuliwaona wavulana wanne wa mpira wa miguu wakiandika kwa raha. Kocha wao alikuwa amewapa wakali wake wanne burse nzima nzima, wengine wakajitegemea.

Papa kocha akaja mbio, akaingia ofisini, akatoka analowa jasho. Vipande vingeweza kuunganishwa, lakini papo hapo, na kwa watu wanne tu. Akatuambia tuchague wenyewe. Mimi nilianza kusema, nikasema sana, nikahesabu kila mpira niliodaka tangu nizaliwe. Halafu yule wa akiba akasema taratibu kwamba yeye na wenzake watatu wako mwaka wa mwisho, na nyumbani kwao hakuna wa kuwalipia mwaka mwingine. Wote wakanitazama. Nilijua ana haki, na nilimchukia kwa kuwa na haki. Wenzangu wakanyoosha mikono kuwakubali wale wanne, nami nikanyoosha wangu nikiwa wa mwisho.

Mama alipoambiwa kwamba nitarudia mwaka alicheka, kisha akalia, kisha akanituma nikapare samaki.

Mwaka uliofuata papa kocha alikuwa amejifunza. Alitoa burse nne nzima, na ya kwanza ilikuwa yangu, nikaketi mbele kabisa kusikiliza masomo niliyokwisha kuyajua yote. Waliokosa hawakugomba na mtu. Waliacha tu kuja mazoezini. Mechi ya kwanza tulifika wanne badala ya saba, wote wa burse, na nilifungwa magoli mpaka refa akaja kuniuliza kama nataka maji.