Simu ya jirani ilisema jikoni kwa mama ni shamba lake. Tulikataa kuhama

Wakuu, salamu kwenu.

Nimekula hadithi zenu humu kwa muda mrefu bila kuchangia hata moja. Leo nalipa. Hii sikusimuliwa, nilikuwepo mwenyewe, na mama yangu yuko hai. Mwenye shaka aende akamuulize, ila aende na adabu.

Kwetu ni upande wa Narumoru. Marehemu baba na mama walitoka Othaya wakiwa wametoka tu kuoana, wakapata shamba hapa wakati wananchi walichanga, wakanunua ranch ya mzungu na kugawana.

Shamba letu ni jembamba na refu. Linaanzia kwa barabara ya murram huku juu, linashuka kuelekea mtoni, ila halifiki mtoni. Nyumba ya mama na jiko lake la nje viko juu, karibu na barabara. Chini kabisa tunapoishia ndipo jirani anaanzia.

Mpaka huo wa chini mama aliupanda itoka.

Kwa wasio Wakikuyu, itoka ni ua la majani marefu, lina kitunguu chake chini ya udongo. Kwetu hupandwa mpakani. Likishapandwa, hakuna mtu analing'oa peke yake. Lazima wenye mashamba pande zote mbili wawe wamesimama hapo, wanaona. Mama alizibeba hizo itoka kutoka Othaya ndani ya kiondo, juu ya nguo zake. Huwa anasema nguo angepata zingine.

Sasa jirani.

Shamba la chini lilinunuliwa juzi juzi na bwana mmoja tunayemwita Engineer. Siku ya kwanza alikuja na reflector jacket na kofia ngumu, jina likamkaa. Engineer wa nini, mpaka leo hakuna ajuaye. Ana shamba kubwa, kutoka mpaka wetu mpaka mtoni, na huko chini karibu na maji amejenga nyumba ya ghorofa yenye vioo vingi.

Siku hiyo nilikuwa Karatina, nauza viatu sokoni. Mama akapiga simu. Yeye huongea Kikuyu, nawawekea kwa Kiswahili.

"Kuna vijana wanachimba mashimo ya posts katikati ya nyumba na jikoni," akasema. "Wanasema mimi ni squatter. Kuja."

Nilifunga kibanda na mteja akiwa na kiatu kimoja mguuni. (Mama Shiko, kama unasoma hii, nisamehe. Kile kingine bado ninacho.)

Kufika, nakuta mashimo yamepangwa mstari mmoja kutoka kwa jirani wetu wa kushoto, yanapita uwanja wetu, yanaelekea kwa yule wa kulia. Shimo moja halikuwa limeisha kuchimbwa, kwa sababu mama alikuwa ameweka kigoda hapo juu yake, amekaa, anamenya viazi. Vijana wamesimama na jembe hawajui wafanye nini.

Engineer alikuwa hapo na simu yake.

"Madam, mimi sina ubaya na mtu," akaniambia. "Hizi coordinates zimetoka kwa survey plan ya serikali. Nimeziweka kwa app. Hii dot ya blue ni sisi. Hii line nyekundu ni mpaka yangu. Unaona imepita wapi?"

Niliona. Ilipita kati ya mlango wa nyumba na mlango wa jikoni.

"Cucu analala kwake," Engineer akasema, akacheka, "lakini anapikia kwangu." Cucu ni nyanya kwa Kikuyu, alimaanisha mama.

Wakuu, halafu akaongeza la kuniua kabisa: "Na wewe si ni msichana? Utaolewa uende. Unapigania nini hapa?"

Nikamwambia napigania jiko nililofundishiwa kupika, na akitaka kuona msichana akipigana, aguse kile kigoda.

Hakugusa. Aliondoka na vijana wake, akasema atarudi na chief.

Lakini sitawadanganya, usiku huo niliogopa. Nilikuwa nimemwomba Engineer karatasi ya ile survey plan nikaipiga picha, na rafiki yangu anayefanya kazi kwa wakili huko Nyeri akaniambia ni plan halali. Namba hazikuwa za kughushi. Jirani wetu wa kushoto naye alikuwa ameanza kuhamisha zizi la ng'ombe, ati nani atabishana na satellite?

Mama peke yake ndiye aliendelea na maisha. Alisema satellite haikuwepo wakati yeye na baba walionyeshwa beacon, ile chuma ya mpaka iliyomiminiwa saruji, na kwamba alipanda itoka kuifuata.

Kitu kimoja kilikuwa kinanikera hata nikifunga viatu kwa karatasi. Engineer alituonyesha mstari. Mstari mmoja. Shamba lina pande nne, jamani. Zile pande zingine zilikuwa wapi?

Siku ya baraza ilifika. Chief aliifanyia hapo hapo kwetu, watu wamekaa kwa nyasi, mama kwa kigoda chake juu ya shimo lile lile. Engineer akapitisha simu. Wazee wanaangalia dot ya blue, wanatikisa kichwa kukubali, wanapitisha. Kila kichwa kilichotikiswa kiliniuma.

Nikaomba nafasi.

"Engineer, umeweka namba za beacon za huku juu. Weka pia za chini, za kule mtoni."

"Za chini hazina shida."

"Kama hazina shida, weka."

"Madam, tusipotezeane wakati."

Chief akaingilia. "Weka tu, Engineer. Si simu ni yako?"

Akaweka. Aliandika namba ya kwanza haraka haraka, ya pili polepole. Halafu akawa anavuta ramani kwa kidole, juu, chini, juu tena.

Chief akachukua simu, akavaa miwani.

"Sasa," akasema, "hii nyumba ya ghorofa iko kwa nani?"

Wakuu, shamba la Engineer lote lilikuwa limepanda mlima! Kulingana na simu yake mwenyewe, lilianza mbali juu ya ile ghorofa. Sebule, vioo, tangi la maji, mbwa, vyote vilikuwa nje ya shamba lake. Muda wote huo hakuwahi kuangalia upande wa chini. Alikuwa anaangalia tu upande ambao angeweza kuongeza.

Mama aliuliza watu wanacheka nini. Nikamweleza. Akamwangalia Engineer, akarudi kwa viazi vyake.

"Mimi angalau nalala kwangu," akasema.

Baraza liliisha hapo. Hata chief alishindwa kujizuia.

Lakini kucheka hakurudishi mpaka. Tuliandikia ofisi ya ardhi, na baada ya kusukumana sana akaja land registrar pamoja na surveyor wa serikali, na ile mashine yao ya miguu mitatu.

Surveyor alikuwa mama mmoja mpole mwenye gumboots. Alitueleza hivi, na mimi nawapa kama nilivyoelewa. Namba za coordinates peke yake hazisemi kitu. Lazima ujue zinahesabiwa kutoka wapi. Plan yetu ilipimwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960, ambao ndio upimaji wa ardhi hapa kwetu umetumia miaka mingi, na ndio umeandikwa kwa plan yenyewe. Simu inatumia mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua namba za Arc 1960 ukazitupa kwa simu bila kuzibadilisha, kila kitu kinasonga karibu mita mia tatu, sana sana kuelekea kaskazini, na kwetu kaskazini ni kupanda juu kwa barabara.

"Ni kama kuambiwa bei kwa shilingi ya Uganda," akasema, "halafu unalipa hiyo namba kwa shilingi ya Kenya. Namba ni ile ile, lakini umelia."

Mita mia tatu. Huo ndio urefu wa kutoka mpaka wa chini hadi jikoni kwa mama.

Engineer alisema alidhani app zote ni sawa. Registrar akamuuliza kama alidhani na mama mzee ni sawa na kichaka. Mimi nilitamani kumkumbatia huyo registrar.

Tukashuka chini kutafuta beacon. Mashine ikaonyesha mahali, wakachimba, na ndiyo hiyo, chuma na saruji yake, imekaa tu inangoja. Nilipiga vigelegele.

Halafu nikaangalia vizuri.

Itoka za mama hazikuwa juu ya beacon. Kwa miaka yote hiyo zilikuwa zimezaana, zikateremka kidogo kidogo, mpaka mstari wake ulikuwa umeingia kwa Engineer hatua moja hivi. Tulikuwa tunalima hapo. Maharagwe yetu yalikuwa yamesimama kwake.

Engineer aliona. Nilimwona akiona. Roho yangu ikasema sasa huyu atapata pa kutusemea.

Mama hakungoja mtu aseme. Aliinama akapima kwa macho, kutoka beacon hadi ua lake.

"Chake apewe," akasema. "Changu asiguse. Leteni jembe."

Na kwa vile itoka haing'olewi na mtu mmoja, Engineer hakuwa na ruhusa ya kwenda kukaa kwa gari. Mama alichimba, na Engineer akapokea. Kitunguu kimoja baada ya kingine, na matope yake, kwenye ile reflector jacket. Mashine ikaonyesha mstari, mama akapanda tena upya kutoka beacon hadi beacon.

"Shika vizuri," alikuwa anamwambia. "Usiangushe. Hizo zimetoka Othaya."

"Ndio, Cucu."

Simu yake ililia mara kadhaa mfukoni. Hakuwa na mkono wa kuishikia.

Basi wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mtu akija na simu kukuambia hapo ulipo si pako, usianze kufunga virago. Muulize hizo namba ni za mfumo gani. Mwambie aweke kona zote, si zile zinazompendeza tu. Kisha muite mtu wa serikali mwenye mashine, na ukweli ukikutoa hatua moja, toka hatua moja. Usitoke mita mia tatu kwa sababu ya dot ya blue.

Na wewe unayeniuliza napigania nini na mimi ni msichana: jina langu sasa liko kwa title, chini ya la mama. Alilipeleka mwenyewe.

Yale mashimo ya posts hatukuyafukia. Mama alisema mtu hawezi kuchimbiwa bure halafu afukie. Amepanda matunda damu, yale ya tree tomato, kwa kila shimo, mstari mzima kati ya nyumba na jikoni, na yameshika vizuri.

Kama kuna mwingine humu amewahi kuhamishwa na app, amwage hapa tusome. Na wale ma-surveyor wa humu, kama nimekosea mahali kwa hizo Arc, nisahihisheni. Engineer nimemtumia link, najua anasoma.