Harusi Iliyoimbwa Puani

Harufu ya iliki ikichemka kwenye shira huniinua nilipokaa. Si utani. Juzijuzi hapa Mombasa jirani yangu alikuwa akikaanga kaimati za harusi ya mwanawe, akaniita nimsaidie kuzichovya. Nikaenda vizuri, nikakaa vizuri, kisha nikajikuta nimesimama nyuma ya mlango wake wa mbele, mwiko mkononi, nasikiliza kama kuna gari limesimama nje. Akaniuliza, "Vipi, dada, kuna mtu?" Nikamwambia hamna. Ningemweleza ningemharibia harusi yake. Nyinyi nitawaeleza, maana nyinyi hamna harusi leo.

Kwetu ni Kismayo, mitaa ya karibu na pwani, nyumba ambayo ua wake na ua wa jirani viligawanywa na ukuta mmoja wenye kijilango katikati. Kijilango kile hakikuwa na komeo. Upande wa pili alikaa Edo Dahabo. Edo ni shangazi kwa Kisomali, na sisi Wabajuni tulimwita hivyo ingawa hakuwa ndugu yetu. Alikuja mjini akiwa bi harusi kutoka bara, kwao kwenye ngamia, na mwanzoni samaki alimwona kama mdudu. Bibi yangu ndiye aliyemfundisha kula samaki wa nazi. Alimfundisha kwa matusi na mapenzi, mpaka ikawa Edo mwenyewe anakuja kugonga sufuria yetu kuuliza leo kuna kibua au hakuna. Naye asubuhi alituletea anjera za moto zenye samli na sukari, zimekunjwa ndani ya kitambaa, na mimi nilikuwa nikizisubiri pale kijilangoni kabla hata sijanawa uso.

Binti yake, Hodan, alikuwa rika moja na dada yangu Mwanaesha. Wawili hao walikuwa mtu na kivuli chake. Hodan alizijua nyimbo zetu zote za harusi kwa Kibajuni safi, na Mwanaesha alizijua za kwao, na wakifua nguo uani walikuwa wakibadilishana, huyu anaimba za huyu, wakichekana matamshi. Mimi mdogo nilikuwa nikifukuzwa. Nilikaa juu ya beseni lililopinduliwa nikiwasikiliza kwa wivu mwingi, nikiapa kwamba nitakapokuwa mkubwa nitaolewa kabla yao wote.

Kisha vita vikaingia mjini, na vitu vikaanza kukatazwa kimojakimoja. Kwanza shule. Kisha kwenda dukani. Kisha Mama akakataza kukaanga, kwa sababu mafuta ya moto hunukia hadi barabarani, na wenye bunduki wakinusa chakula huja kukila na kuchukua kilichobaki ndani ya nyumba. Tukawa tunakula ng'onda mkavu na uji wa mtama usio na nazi. Mwisho akakataza kuimba. Bibi, ambaye hakuwahi kutwanga wala kufagia bila wimbo, alikuwa akijisahau, anaanza, "Mwana katoka..." na Mama anamkata kwa jicho. Nyumba ile isiyo na sauti ya Bibi ilinitisha kuliko risasi. Risasi nilishazizoea.

Sisi Wabajuni hatukuwa na bunduki, wala hatukuwa na mtu wetu mwenye bunduki. Kila kundi lililoingia mjini lilitupitia. Wanaume walikamatwa kubebeshwa mizigo ya wizi, kwa hiyo baba yetu alikuwa amekimbilia kisiwani Chovai kwa jamaa zake. Na wasichana walichukuliwa. Mtaa wa nyuma yetu binti mmoja alichukuliwa akichota maji, mchana. Mwanaesha alikuwa na miaka kumi na saba. Mama alimpaka masizi usoni na kumvisha buibui la Bibi lililotoboka, na gari lolote likipita alimsukuma chini ya kitanda. Nilikuwa nikiiona miguu yake ikichungulia uvunguni, nami naisukuma ndani.

Baba akatuma habari kutoka Chovai. Amemwoza Mwanaesha kwa Shee, kijana wa kule aliyekuwa amemchumbia tangu kabla ya vita. Ndoa imeshafungwa msikitini, baba na mume na mashahidi, kila kitu halali. Iliyobaki ni kumtoa bi harusi mjini na sote kufuatana naye, mashua itangoja nje ya mji, tuvuke kisiwani na kutoka huko twende Kenya. Mama alifurahi mpaka akalia. Alitaka tuondoke alfajiri ile ile, vichwa chini, kila mtu na kifurushi chake.

Bibi akakataa. Loo, alivyokataa! Alikaa katikati ya mlango na miguu yake mibovu ameinyosha.

"Mwanangu hatoki nyumba hii kama mchu aliyeibiwa," alisema, maana yeye mtu alimwita mchu, Kibajuni cha kale. "Mimi niliimbiwa. Wewe uliimbiwa. Huyu naye ataimbiwa, avikwe, afukizwe udi, ale kitamu, atoke."

"Mama, tutauawa!" Mama yangu alimjibu, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akimpigia Bibi kelele.

"Basi tutaimba puani."

Kwetu, ndoa ni ya wanaume na shehe, lakini kumtoa mwari ni kazi ya wanawake, na msichana asiyeimbiwa mlangoni watu humsema maisha yake yote. Walibishana mpaka Mama akachoka. Wakapatana hivi: itakuwa asubuhi, jua likiwa limeshapanda, kwa sababu wenye bunduki hukesha na mirungi na saa hiyo huwa wamelala, hakuna ngoma, hakuna makofi, hakuna vigelegele, wimbo wa puani tu, midomo imefumbwa. Na kaimati, ambazo Mwanaesha alizipenda kupita kitu chochote duniani, zitakaangwa kwa Edo Dahabo. Kwake hakuna hatari, Mama alisema, maana kabila lake lina bunduki. Edo alipoulizwa alijibu kwa Kibajuni chake cha kuchekesha, "Nitakaanga mpaka mafuta yalie."

Basi asubuhi hiyo niwaambie nilichokiona. Bibi, Mama na wanawake wachache wa jirani wamekaa ukumbini kwenye mkeka, shela zimefunika nyuso, na kutoka ndani ya shela hizo inatoka sauti moja nzito ya chini, *mmm, mmm*, ukutani ukiweka mkono unaisikia. Ni wimbo wa Bibi ule ule, *mwana katoka kwa mama, kenda kwa mama mwingine*, lakini maneno hamna. Machozi yanawatoka na midomo haifunguki. Mimi nilitaka kukimbia. Nilidhani wote wamepatwa na kitu.

Mama akaniona nimeganda, akanituma kwa Edo kuchukua sinia. Nikapita kijilangoni. Edo alikuwa mbele ya karai, jasho linamtoka, kaimati zinageuka rangi, Hodan anazichovya kwenye shira ya iliki. Edo akanipa moja. Sijaitia mdomoni, tukasikia.

Kigelegele. Kirefu, kikali, cha kujaza mtaa.

Kilitoka kwetu, na aliyekipiga ni Mama. Mama huyo huyo aliyekataza makofi! Baadaye alituambia kwamba pazia lilifunguliwa, akamwona Mwanaesha amesimama na hina yake na leso mpya, uso umeoshwa masizi, na ulimi ukaenda wenyewe. Aliuziba mdomo kwa mikono miwili, lakini kigelegele hakirudishwi tumboni. Barabarani gari lilikuwa likipita. Likasimama. Nikasikia milango yake, kisha buti na sauti za vijana.

Edo Dahabo aliuweka mwiko chini. Alivua shashi yake kichwani, kile kitambaa ambacho kwao mwanamke akishaolewa ndipo hukifunga, akamfunga Hodan kwa mikono yenye mafuta, akamkalisha kwenye mkeka na kumfunika shuka nyekundu. Hodan hakuuliza kitu. Mimi aliniketisha ubavuni mwake, akanisukumia kaimati ya moto mdomoni, akaongeza ya pili juu yake. "Usitafune," aliniambia. Kisomali changu kilikuwa na lafudhi ya Kibajuni, mtoto yeyote angenitambua.

Kisha akapiga kigelegele chake, kikubwa kuliko cha Mama, akaanza wimbo wa harusi wa kwao, akatembea kwenda mlangoni akiimba na kupiga makofi, na akaufungua mwenyewe kabla haujapigwa teke.

Wakaingia vijana watatu. Macho mekundu, nguo za watu wengine. Mmoja alivaa saa ya kike mkononi. Edo akawaambia karibuni wanangu, mmetuletea baraka, binti yangu anaolewa leo, akawasukumia sinia zima. Wakala wamesimama, shira inawatiririka kwenye bunduki. Mwenye saa ya kike akauliza mbona harusi haina watu. Edo akamjibu kwa ukali wa mama mwenye nyumba, "Watu wamewakimbia nyinyi! Nimwalike nani, paka?" Yule kijana akacheka. Akauliza ukoo. Edo akaanza kuhesabu mababu, fulani wa fulani wa fulani, bila kumeza mate, sauti ikipanda na kushuka, mpaka yule kijana akatikisa kichwa kuridhika.

Kisha akaja kwenye mkeka. Akachutama. Akaingiza mdomo wa bunduki chini ya shuka nyekundu na kuinua polepole mpaka uso wa Hodan ukaonekana, macho chini, kama bi harusi anavyotakiwa. Alimtazama muda mrefu. Nilisikia pumzi yake, ilinuka mirungi. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya kabisa, na nilijua dada yangu yuko huko, na nilijua kwamba nikikohoa, nikilia, nikisema neno moja, atachukuliwa. Shira ilikuwa ikiniunguza ulimi. Akanigeukia.

"Na wewe jina lako nani?"

Nikafumbua mdomo kidogo, kaimati ikatokeza.

"Huyo?" Edo alisema. "Mlafi huyo! Nimemnyonyesha mwenyewe, hajashiba mpaka leo."

Wakacheka wote. Maziwa ya Edo Dahabo sikuwahi kuyaonja hata tone, Mungu anajua. Kijana akaiachia shuka, akasimama. Wakachukua sinia, wakachukua karai lenye mafuta yake, wakachukua redio, na mmoja akamwambia Hodan mabruki. Gari likaondoka.

Edo hakukaa chini. Alinishika bega akanipitisha kijilangoni, akanisukuma kwa Mama, akasema, "Nendeni sasa. Sasa hivi." Mwanaesha alitaka kuingia amuage Hodan, Edo akamzuia kwa mkono. Bibi, ambaye shela yake ilikuwa imelowa, akamaliza ubeti wa mwisho puani huku tunatoka kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa wimbo haukatwi katikati. Tulifika kwenye mashua. Tukafika Chovai, baadaye kambini Kenya, baadaye hapa. Mwanaesha ana watoto na wajukuu, na watu hawana la kumsema.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii hivyo hivyo, na kila nikiisimulia niliongeza kwamba Edo alikuwa na moyo mwema, ila na yeye alikuwa na nafasi yake: wale walikuwa watu wa kabila lake, wasingemgusa. Nilikuwa na hakika. Sote nyumbani tulikuwa na hakika.

Mwaka uliopita Mwanaesha akapata namba ya Hodan, yuko Ulaya na wanawe. Edo alifariki kambini, kwa maradhi, miaka mingi nyuma. Wakalia, wakaimba kidogo, kisha nikapewa simu mimi. Nikamshukuru, nikamwuliza kwa utani kama wale vijana walikuwa binamu zake wa karibu au wa mbali.

Akaniambia kwamba watu wao walikuwa wameshaukimbia mji siku moja kabla. Wale waliokuja ndio waliowafukuza. Alfajiri ya siku ile ya harusi mjomba wake alirudi na gari kuwachukua, na mama yake akakataa kupanda, alishaahidi kaimati. Hakutaka kutuambia, maana tungeahirisha na Mwanaesha angebaki mjini. Ule ukoo aliouhesabu haukuwa wake. Ulikuwa wa adui, alikuwa ameukariri usiku mzima wa kuamkia harusi kwa kuuimba, ili asikwame. "Alizijua sauti zao kabla hajafungua mlango," Hodan alisema.

"Na wewe?" nikamwuliza. "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Nilijikojolea pale mkekani. Shuka ilikuwa nyekundu, haikuonekana."

Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, jamani. Nilisikia joto la mkono wake. Nilikuwa na hofu ya dada yangu, ya Mama, ya Bibi, ya nafsi yangu, nikadhani hofu yote ya mtaa ule iko upande wetu wa ukuta. Na nilipomtazama Hodan chini ya shuka ile, amefungwa shashi, watu wanampa mabruki, nakumbuka vizuri nilichokiwaza. Niliwaza kwamba ana bahati, ameolewa kabla yangu.