Gari Lililoahidi Wodi

Mama Kipaza alianza kununua nyanya kwa kidole. Anaonyesha, anatikisa kichwa, anaondoka. Muuza nyanya alidhani amepatwa na kiharusi, akawa anamwongezea moja ya pole.

Hakuwa na kiharusi, alikuwa na hofu. Wakati wa kampeni alitangaza kwa kipaza sauti akiwa kiti cha nyuma cha gari la chama, nyuma ya vioo vyeusi, kwa sauti ya kazi, tamu na ya kuvuta: "Tupishe, mama, tupishe. Wodi ya wazazi inakuja." Mgombea alikaa kiti cha mbele, kioo kakishusha, akipunga mkono, midomo kaibana kama aliyejaza maji kinywani. Ndiyo desturi ya chama: wakubwa wanapunga, vibarua wanaahidi. Mgombea akashinda udiwani. Kuta za wodi zikafika kiunoni zikachoka, na mpaka leo aliyejifungua humo ni mbuzi peke yake.

Wanawake walipoanza kuulizana ile sauti ni ya nani, dereva wa diwani alipita nyumbani kwa Mama Kipaza. "Shikamoo, mama. Mheshimiwa anasema umenyamaza vizuri. Endelea hivyo hivyo." Tangu hapo hata kukohoa alikohoa ndani ya mtandio.

Diwani alipoitisha mkutano, mume wa Mama Kipaza, fundi viatu aliyembatiza mkewe jina hilo kwa kunong'ona, majirani wasisikie, alimwambia, "Nenda, usionekane unajificha. Ila mke wangu, hata ukikanyagwa, usiseme aa."

Ukumbini mkunga wa zahanati aliuliza habari za wodi.

"Nani alinisikia nikiahidi?" diwani akasema. "Kwa mdomo huu?"

"Gari lako lilisema."

"Basi kaliulize gari."

Waliogawiwa kofia za chama wakacheka. Dereva, kaegemea ukuta, alikuwa akimtazama Mama Kipaza tu. Naye akainuka atoke. Kwenye njia ya katikati ya viti alikaa mjamzito, miguu kainyoosha, na hofu ikamtoa Mama Kipaza maneno ya kazini, kwa sauti ile ile:

"Tupishe, mama, tupishe."

Vichwa vikageuka, safu baada ya safu.

"Huyo hapo," mkunga akasema. "Ndiye gari."

Diwani akatabasamu kwa upole unaotisha kuliko kelele. "Dada yangu, sema tu ulijitungia mwenyewe, uende nyumbani ukapumzike."

Mlango ulikuwa hatua chache mbele. Mjamzito alimtazama kutoka chini, hajakunja miguu. Mama Kipaza akasema:

"Ulinituma wewe. Mimi nilikuwa naahidi taa za barabarani. Ukageuka ukaniambia, achana na taa, sema wodi, wanawake ndio wanaowahi foleni ya kura."

Hakuna aliyepiga makofi. Waliovaa kofia walizivua, wakazikalia. Dereva alitoka, na gari likasikika likiwashwa nje.

Mkunga akaja kumshika mkono. "Twende, shoga, nakusindikiza."

"Na wewe, ukirudi, nani atakusindikiza?"

Mkunga alimshika kwa nguvu zaidi.