Nilivyoitia Ugonjwa Mikorosho ya Mzee Kahindi

Nitasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na mtu wa Kakuyuni, maana wao huongeza chumvi na mimi ya kwangu inanitosha. Aliyefanya shamba zima liogopwe, wanawake wakarudisha miche waliyokwisha kuichukua, na mzee wa watu akakaa siku kadhaa akidhani anapofuka, ni mimi. Sikutumia sumu wala uchawi, nilitumia maneno mawili tu, na mpaka leo nikipita penye mkorosho hutazama upande mwingine.

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa dobi katika hoteli moja ya Malindi. Shule niliishia darasa la saba, lakini kichwani mwangu nilikuwa mpiga picha mkubwa aliyecheleweshwa kidogo na mashuka ya watu. Kamera nilikuwa nayo, kuukuu, mlango wake wa nyuma umefungwa kwa utepe mweusi. Basi Mjerumani mmoja niliyempigia pasi suruali zake za kitani mpaka akafurahi (kitani ni adui wa dobi, muulizeni yeyote), siku ya kuondoka akanipa filamu tatu na kioo chekundu cha kuvika kwenye lenzi, akanieleza kwa Kiswahili chake cha wiki mbili na mikono mingi kwamba filamu hii inaitwa infraredi, inaona miali ya jua ambayo jicho la mtu haliioni, niiweke penye baridi, niitie kwenye kamera gizani kabisa, na nisishangae majani yakitoka meupe. Nikasema ndiyo, ndiyo, nikazificha kwenye friji ya jikoni nyuma ya samaki, mpishi akanitukana mimi na ukoo wangu, na kila nilipotaka kutia filamu nilijifungia stoo ya mashuka, nikajifunika mablanketi matatu, nikatoka nimelowa kama niliyeanguka kisimani.

Sasa, nimpige picha nani? Hapo ndipo penye moyo wangu. Kakuyuni kulikuwa na msichana jina lake Dama, na sisi wawili tulikuwa tumekwisha kuelewana, kilichobaki ni mjomba wangu kupeleka kadzama, ule mtungi wa pombe ya mnazi ambao kwetu Wagiriama huwezi kufungua mdomo kuomba mke bila kuutanguliza. Baba yake Dama, Mzee Kahindi, alikuwa mtu wa mikorosho. Miche yake watu waliifuata kwa miguu kutoka mbali, na mtu akisema "huu ni wa kwa Kahindi," basi hapakuwa na swali la pili. Nikaenda mchana wa jua kali, nikamwambia nataka kulipiga picha shamba lake (ukweli ni kwamba Dama alikuwa anapalilia upande ule), naye mzee akajipanga katikati ya miti, kifua mbele.

"Niweke na ule mkubwa," akasema. "Ule ndio mama yao wote."

Picha zilipotoka, nilikaa chini. Mbingu ilikuwa nyeusi tii, mawingu yamevimba kama pamba, na kila mkorosho, tangu shina mpaka ncha, ulikuwa na majani meupe pe, kama miti ya peponi. Mzee Kahindi naye alisimama katikati, uso mweupe laini kama aliyejipaka unga wa muhogo. Nilizianika kwenye kamba pamoja na foronya, na hapo ndipo alipozikuta mama mmoja wa Kitaliano tuliyemwita Sinyora, aliyekuwa na nyumba ya maonyesho ya picha karibu na ufuo, naye alikuwa ameleta vitambaa vyake vya meza. Alipiga ukelele nikadhani nimeunguza kitambaa. Wiki tatu baadaye picha zangu kumi na mbili zilikuwa ukutani kwake, ndani ya vioo, na chini yake limeandikwa jina langu, Charo.

Maonyesho yalikuwa Alhamisi alasiri, na posa ilikuwa Jumamosi. Mnaona hesabu yangu? Nilimwalika Mzee Kahindi ili aone kwa macho yake kwamba mkwe anayekuja si mfua mashuka tu, ni mtu ambaye Wazungu wanasimama mbele ya kazi yake na kuinamisha vichwa, na Jumamosi kadzama lipokelewe bila maswali marefu. Nikaazima koti la karani wa mapokezi, ambalo mikono yake ilikata tamaa kabla ya kufika kwenye viganja vyangu, nikasimama mlangoni.

Lakini asubuhi ile wapiga picha wa ufukweni walikuwa wamenicheka. "Charo, kazi imefanywa na filamu ya Mzungu, wewe umebonyeza tu!" Neno hilo liliniuma, nikalibeba mpaka alasiri. Kwa hiyo Waitaliano walipoanza kunong'ona kuwa ni theluji, theluji Afrika, nami nikawa natabasamu kama mwenye theluji yake, sikutaka hata mtu mmoja ajue habari ya filamu.

Akaja bwana shamba mmoja, mtu mpole mwenye miwani, aliyealikwa pamoja na wakubwa wengine wa mji. Akasimama mbele ya ile picha ya mkorosho mkubwa, akaikaribia mpaka pumzi yake ikapaka kioo ukungu.

"Kijana, hapa umepaka rangi?"

"Hasha, bwana."

"Kuna ufundi wowote umeutia?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi na lilikuwa tayari limekaa ulimini. Nikalimeza. Nikatazama chini kama wanavyofanya watu wakubwa wanapojidai wadogo, nikasema, "Sikubadili kitu. Ndivyo palivyo."

Akatoa daftari. Mimi nikadhani anataka kuniandika mahali penye sifa, nikamtajia jina langu herufi moja moja, nikamtajia na mwenye shamba, na njia ya kufika.

Hapo akaingia Mzee Kahindi, kanzu imenyooka, Dama nyuma yake, na Mama Sidi jirani yao ambaye hakualikwa na mtu lakini hakuna jambo lililowahi kumpita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Iko wapi?"

Nikamwonyesha. Alitazama muda mrefu, tabasamu alilokuja nalo likamtoka polepole. Mama Sidi ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya kumfikia aliyeko barabarani.

"Ukungu! Mikorosho yote imeshikwa na ukungu! Na mwenyewe umemshika, mtazameni uso!"

"Mzee," bwana shamba akamwambia taratibu, "ugonjwa kama huu mbona hukutoa habari? Umekula majani yote."

"Ugonjwa gani? Asubuhi nimeiacha kijani." Akanigeukia. "Charo, picha hii ya lini?"

"Ya mwezi uliopita, baba."

"Mwezi mzima." Akainua mkono wake karibu na uso, akaugeuza, akautazama. "Kwa hiyo ni mimi nisiyeona."

Ningesema pale pale. Lakini Sinyora alikuwa ameninyooshea glasi ya maji ya ndimu, Waitaliano wanatazama, na nusu ya ukumbi ilinisikia nikisema ndivyo palivyo. Nilipopata ulimi, mzee alikuwa amekwisha kufika nje, anatembea haraka kwa kupapasa ukuta, yeye ambaye saa ile ile alikuja bila kushika kitu. Nikamkimbilia.

"Baba, ni filamu! Hii filamu inaona kitu ambacho jicho la mtu halikioni!"

Akasimama. Bwana shamba, aliyetufuata, naye akasimama.

"Unasema inaona kisichoonekana," mzee akasema.

"Ndiyo, baba!"

"Kama ile eksirei ya hospitali?" akauliza bwana shamba.

Mimi, kwa furaha ya kueleweka, nikasema, "Hasa! Kama eksirei!"

"Basi ugonjwa uko ndani," akasema mzee, "na bado haujatoka nje." Bwana shamba akatikisa kichwa kwa huzuni, akaandika na hilo. Dama alinitazama tu, na ningependa kuwaambia alinitazama kwa mapenzi.

Mama Sidi alifika Kakuyuni kabla ya jua kutua, na habari ikafika pamoja naye. Ijumaa wanawake wakaja na miche vichwani, wakaitua kwenye lango la Mzee Kahindi bila maneno, wengine wakanawa mikono kabisa kabla ya kuondoka. Jumamosi mjomba wangu akatokea na kadzama lake begani, amevaa viatu, akapita katikati ya miche iliyorudishwa kama mtu anayepita makaburini. Mzee alimpokea vizuri, akampa kiti, akamwambia, "Rudi nalo, ndugu yangu. Nyumba yangu ina ugonjwa, siwezi kuwaozesha watu ugonjwa." Mjomba alirudi nalo kweli, na njiani akaniambia mambo ambayo sitayaandika.

Lakini kilichonivunja ni Dama, aliponijia dirishani pa udobi Jumatatu. Akasema kila asubuhi baba yake humwita shambani, huchuma jani, humwuliza rangi yake. Akimwambia kijani, mzee husema, "Unanihurumia tu, mwanangu," huliweka jani mfukoni.

"Charo," akasema, "ile siku ulijua kwamba ni filamu?"

"Nilijua."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Basi tengeneza," akasema, akaondoka.

Filamu moja ilikuwa imebaki. Mchana ule ule nikaenda nyumbani kwa bwana shamba, nikamwomba asimame penye bustani yake ya mchicha. Nikaenda Kakuyuni, nikampiga picha Mama Sidi chini ya mwarobaini wake, nikampiga mbuzi akila majani, nikapiga muhogo, mapera, na nyasi za njiani. Jumatano, mbele ya lango la mzee, bwana shamba akiwapo pamoja na watu wote waliorudisha miche, nikazipanga picha juu ya mkeka. Nikasema yote, filamu, kioo chekundu, Mjerumani, wapiga picha wa ufukweni na maneno yao, na uongo wangu.

Mama Sidi akainama.

"Mulungu wangu! Bwana shamba amekuwa Mzungu!"

Bwana shamba akaivua miwani, akaivaa tena. "Mchicha huu," akasema, "nimeula jana."

Watu walicheka mpaka mbuzi wakakimbia. Bwana shamba mwenyewe akaingia shambani, akapindua majani mti kwa mti, akatoka akasema hajaona mikorosho mizima kama ile. Wanawake wakaanza kuinua miche yao wakigombania ile mikubwa, na Mama Sidi akanikata jicho na kuniuliza kama naweza kumpiga picha nyingine hivyo hivyo, maana hakujua kuwa anaweza kupendeza namna ile.

Mzee Kahindi peke yake hakucheka. Alitoa mfukoni majani makavu, mengi, akayatazama.

"Kwa hiyo mimi naona."

"Unaona, baba."

"Na wewe uliniona nikishika ukuta."

Alikunja yale majani mkononi mpaka yakavunjika.

"Miti ingekufa ningepanda mingine," akasema. "Mjomba wako alete kadzama baada ya mavuno, kabla ya hapo sitaki kuliona. Na arusi ikifika, picha atapiga mtu mwingine. Wewe nisikuone na kamera."

Ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo maana katika picha zote za arusi yangu vichwa vimekatwa juu, nami nilikaa kimya nikala pilau.

Niliapa siku ile kwamba nikiulizwa nilivyofanya jambo lolote nitalieleza lote, hata lisilopendeza, hata kabla swali halijaisha. Dama anasema sasa nimezidi. Juzi wageni wake waliusifu mchuzi, nikawaambia tui ni la jana, na tangu juzi najipikia mwenyewe.