Moshi wa Nyota Mbili katika Nyumba ya Eda

Mimi niliyekuwa nimejitangaza bingwa wa mbingu kwa wauza mihogo wote wa ufuoni Mama Ngina, siku ile nilikaa darasani mdomo wazi. Nzi wangeweza kuingia, wakafanya mkutano, wakachagua mwenyekiti na wakatoka bila mimi kujua.

Shule yetu ya jioni ilikuwa Ganjoni, katika madarasa ya watoto wadogo, nasi watu wazima tulikalia madawati yao magoti yakigusa kidevu. Mchana nilikuwa karani kwa wakala mmoja wa forodha pale Kilindini. Mwalimu wetu wa sayansi, mama mfupi asiyecheka hata akikanyaga ganda la ndizi, alikuwa ameshatufundisha kwamba nyota kama jua letu ikizeeka huvimba, ikawa nyekundu, kisha ikaanza kuipumua gesi yake nje kidogo kidogo mpaka ibaki kiini tu. Yaliyosalia niliyamalizia mwenyewe. Kitu cha mviringo kikipumua pande zote, si pumzi nayo itatoka mviringo? Nikawachorea watu tufe mchangani, na wakaniamini.

Basi jioni hiyo mwalimu akafungua kompyuta, akatuonyesha picha zilizopigwa kwa darubini kubwa. Sikuona tufe. Nyota moja gesi yake ilikuwa imejizungusha kama ganda la konokono. Nyingine ilikuwa na mbawa za kipepeo. Ya tatu ilifanana na vikombe viwili vya kahawa vilivyounganishwa kitako kwa kitako. Nikauliza ni nani aliyeziharibu.

"Hazikuharibiwa," mwalimu akasema. "Hazikuzeeka peke yao. Kila moja hapo ina mwenzake."

Akatueleza kwamba nyota nyingi huishi mbili mbili, zikizungukana maisha yao yote. Ile inayozeeka ikianza kupumua, mwenzake aliye karibu huuvuta ule upepo, huukoroga na kuulundika kiunoni. Yeye mzee mwenyewe huyumbishwa katika kiduara, kwa hivyo kila pumzi hutokea mahali papya, na gesi ikajisokota. Kiuno kikishakuwa kizito, upepo wa mwisho, ule wa kasi, hupata njia juu na chini tu: ndivyo vile vikombe viwili. Na mara nyingi huyo mwenza haonekani kabisa, amemezwa na mwanga na vumbi la mwenzake. Hujulikana kwa umbo aliloliacha katika gesi. Nilirudi nyumbani Mji wa Kale kwa miguu, na mpaka leo siwezi kukwambia nilivukaje barabara.

Kila mwanafunzi alitakiwa aje Jumamosi aonyeshe jambo moja kwa vitendo. Mimi nikachagua nyota mbili. Fundi mmoja wa tuktuk akanipa beringi ya zamani, nikaiweka chini ya sinia ili sinia lizunguke bila kelele. Nyota nzee ingekuwa chetezo chenye makaa. Mwenzake angekuwa jiwe la mizani la chuma. Gesi, nikaona, itakuwa udi.

Hapa sharti nieleze nilipokuwa nikiishi. Wazazi wangu walitoka bara kufanya kazi ya reli, mimi nikazaliwa kisiwani na kubatizwa kisiwani. Nilikuwa mpangaji wa chumba cha chini katika nyumba ya bibi mmoja ambaye kwangu alikuwa mama kamili: aliniita mwanangu, na mchuzi wake ulinifikia kabla sijauomba. Mumewe alikuwa amefariki miezi kadhaa nyuma, naye bibi alikuwa eda huko juu, amebakisha siku chache tu atoke. Nilijua kwamba mwanamke aliyefiwa hukaa ndani na hajipambi. Nilijua pia kwamba tangu mazishi nyumba ile, iliyokuwa ikifukizwa kila Ijumaa, haikufukizwa tena. Akili yangu ikaniambia kwamba hakuna wa kumnunulia udi maskini. Nikanunua udi mzuri, ule ambao hata jirani wa tatu hufumba macho akiupata. Nikajiona mtoto mwema.

Alasiri nikatia makaa uani, nikaweka udi, nikazungusha sinia. Moshi ukapanda moja kwa moja hadi madirisha ya juu, kwa kuwa uani kwetu ni kama bomba la jiko. Kidogo nikasikia ndara za haraka kwenye ngazi. Bibi alikuwa amesimama katikati ya ngazi, leso nyeupe imeziba pua, macho yamemtoka.

"Mwanangu," akasema, "wanimaliza."

Nikamuuliza kwani udi si mzuri? Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba manukato ndiyo jambo la kwanza linalowekwa kando eda inapoanza. Wifi yake, dada wa marehemu, huja kila siku baada ya swala ya alasiri, na alikwisha kumwambia mtu kwamba huyu mjane ana haraka. Akiingia akaukuta udi, atasema bibi amejifukiza ili aposwe kabla kaburi halijakauka, na mtaa mzima utasema pamoja naye. Damu ilinihama mwilini ikaenda kupanga nyumba nyingine. Nikashika ndoo niyazime makaa, na hapo hapo hodi ikapigwa.

Wifi aliingia, akasimama, akanusa. Alikuwa mwanamke mrefu, na pua ile ilinusa mpaka dari. Nikamwamkia masalkheri. Alimtazama wifi yake pale ngazini.

"Nyumba hini yanukia udi," akasema. "Ndugu yangu hajaoza, wifi."

Bibi aliketi pale pale kwenye ngazi. Nikasema ni mimi, udi ni wangu, ni wa masomo. Wifi akaniuliza ni masomo gani yanayosomwa kwa chetezo kama si ya uganga. Nikasema ni ya nyota. Hilo likaongeza ubaya.

"Basi nionyeshe," akasema. "Na ukinidanganya, wewe na huyu mama yako nitawataja barazani kabla ya magharibi."

Nikaanza na nyota iliyo peke yake: chetezo katikati ya sinia. Nikalizungusha. Moshi ukapanda wima, umetulia. Wifi akauliza hayo ndiyo masomo? Nikasema sasa naja kwenye nyota mbili. Nikakisogeza chetezo kando, na kwa fazaa nikasahau kumweka mwenzake upande wa pili. Sinia likainama, chetezo kikaruka, makaa yakamwagika mbele ya buibui la wifi. Aliruka nyuma mbali kuliko nilivyopata kuona mtu wa umri wake akiruka. Ningesema alipita juu ya tangi la maji, lakini labda alipita kando. Bibi akajifunika uso.

Nikayaokota makaa kwa koleo, nikayarudisha chetezoni pamoja na udi. Nikatia lile jiwe la mizani upande wa pili wa sinia, nikalifunika kwa kitambaa cheusi. Nikamwambia wifi huyo ndiye mwenza, haonekani, lakini bila yeye umeona yaliyotokea. Sikuthubutu kuzungusha tena. Akanisukuma kando, akainama, akalizungusha mwenyewe polepole.

Moshi ukajisokota. Ukapanda duara juu ya duara, kama nywele zinazosukwa na mkono usiouona, na wifi akakodoa macho. Alilisimamisha sinia, akaondoa kitambaa, akalitazama lile jiwe, akalifunika, akazungusha tena. Mimi nilishangaa kumshinda, maana ilikuwa mara ya kwanza kwangu pia kuona kitu hicho kikifanya kazi.

Nikamweleza yote aliyotueleza mwalimu. Alisikiliza ameinama. Kisha akaniuliza, si kwa ukali, yule mwenzake hupatwa na nini mzee akishamaliza kupumua.

Nikasema nyingine humezwa. Nyingine hubaki zikikizunguka kile kiini kilichosalia, na umbo la gesi huonekana kwa muda mrefu.

Wifi alisimama, akachukua koleo, akayatia makaa ndani ya ndoo ya maji moja moja. Akayafungua madirisha yote ya chini. Akapanda ngazi mpaka alipokuwa bibi, akaketi kidato kimoja chini yake.

"Mapazia ya juu yameshika harufu," akasema. "Kesho nitakuja na sabuni, tuyafue mimi nawe, watu wasipate la kusema. Huyu mpangaji wako atachota maji."

Kesho yake nilichota. Mikono ilirefuka mpaka nikawa naweza kufunga kamba za viatu bila kuinama, na kila nilipofika na ndoo niliwakuta wamekaa upande huu na huu wa beseni, wakikamua pazia moja.